Alama Nne Ukutani kwa Mutware

Jumanne, 2 Septemba 2025

Daftari hili nimelinunua la kujaribia herufi, lakini herufi peke yake zinachosha, basi nitazitia na maneno. Mimi ni Kabanyana, mchora mabango wa hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Ukiona saluni yenye picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu kupita kiasi, mwanamke huyo ni wangu. Shingo ya kwanza niliikosea, mwenye saluni akaipenda, na sasa kila saluni inataka shingo.

Leo ameniita Mutware, mtoto wa baba mkubwa, ambaye kwetu ni kaka tu. Mpaka juzi alikuwa na sale ya michezo pamoja na rafiki yake Néhémie: chumba cha matofali ya udongo, mabenchi, televisheni mbili, na PlayStation za mitumba zinazokula umeme wa sola. Kisha Mutware akaenda mjini Mbarara, akarudi na Xbox ndani ya boksi lake, akataka ikae kwenye televisheni kubwa. Néhémie akasema televisheni kubwa ina mwenyewe. Wakabishana, wakanuniana, wakaishia kugawana mabenchi. Sasa Mutware amekodi chumba ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na mlango.

Anataka ukuta wa kijani wenye X kubwa nyeupe.

"Chini yake uandike: Huku kuko nguvu mingi."

"Nguvu ya nini, kaka?"

"Ya mashine."

"Umeipima?"

"Kabanyana, weye piga rangi."

Nimepiga rangi. Kijani kimetoka vizuri.

Ijumaa, 5 Septemba

Néhémie naye ameniita. Anataka bluu. "Andika: Bafalme ba mupira banacheza hapa." Nimemwuliza hao wafalme ni akina nani, akanionyesha kwa kidevu vijana waliobanana kwenye benchi, mmoja wao amevaa ndara mbili za rangi tofauti.

Mkewe, Pascaline, ana meza ya mandazi na chai hapo mlangoni. Sale inavuta watu, watu wananunua mandazi, na nyumba yao yote inakula kwenye meza ile. Posho ya chakula ilipokatwa, wao hawakulia kama sisi.

Néhémie na Pascaline ni Wafuliiru wa bonde la Ruzizi. Mimi na Mutware ni Wanyamulenge, watu wa milimani. Huko nyumbani tulikokimbia vita, majina hayo mawili yakikutana, mara nyingi pana moshi. Hapa wanaume hawa wawili walikutana kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, wakagawana turubai moja, na kuanzia hapo mtu akimwona huyu anajua yule hayuko mbali. Ndiyo maana nashangaa. Yaani wameachana kwa ajili ya boksi?

Jumapili, 14 Septemba

Mvua ya kwanza. Kanisani bati lilipiga kelele kuliko mchungaji.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nimekwenda kutafuta tofauti. Nimeomba kucheza kwa Néhémie, nikafungwa mabao mengi. Nikavuka njia, nikacheza kwa Mutware, nikafungwa vilevile. Mpira ni uleule, majani ni yaleyale, hata yule mtangazaji anapiga kelele zilezile. Tofauti niliyoiona ni kwenye manete, kile kidude cha kushika mikononi. Ya Néhémie ina alama nne: pembetatu, duara, X na mraba. Ya Mutware ina herufi: A, B, X, Y.

Nilipotoka nikamkuta Yonatani, yule kijana wa bodaboda, anaapa kwamba ni afadhali apigwe viboko kuliko kugusa Xbox.

"Umewahi kuigusa?"

"Apana."

"Sasa unaichukia kwa nini?"

"Ile haina roho, dada. Ni ya batu benye kujisikia."

Siku hizi vijana wanaitana Bluu na Kijani. Bluu hakopeshi Kijani hata moto wa sigara. Hakuna kati yao aliye na mashine nyumbani. Wengine hawana hata umeme. Kampuni zinazotengeneza vitu hivi ziko mbali mno, na sidhani kama kuna mtu huko anayejua Nakivale iko upande gani. Mapenzi haya yametoka wapi? Nimejaribu kujiuliza mimi niko upande gani, nikaona napenda kijani, lakini kwa sababu ya rangi tu. Bluu hupauka haraka.

Jumamosi, 27 Septemba

Mutware hana wateja. Vijana wa mpira wamezoea manete ya Néhémie, vidole vyao vinajua njia. Leo ameniita akiwa na wazo. Alichora kwa kidole kwenye vumbi zile alama nne za PlayStation.

"Uzipige kwa ukuta wangu, kubwa kabisa. Na chini uandike: Unajua hizi alama ni za nani?"

"Ni za manete ya Néhémie."

"Weye unajua. Wengine bajiulize."

Nilielewa alikokuwa anaelekea, nisijifanye mjinga. Lakini nilijiambia ni swali tu, na wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Tena kusema kweli nilikuwa na hamu yangu mwenyewe. Nimechora miaka yote hii na sijawahi kujua kama picha inaweza kugeuza miguu ya mtu, aliyekuwa anakwenda kulia aende kushoto. Nikataka kuona.

Nikachora. Pembetatu ilipokauka ilionekana kama paa la nyumba, haina maana yoyote. Nikaitia jicho katikati. Jicho lilikuwa wazo langu, Mutware hakuniomba. Alipoliona akapiga makofi.

Jumapili, 5 Oktoba

Swali limepata jibu. Shangazi Orpa, dada wa baba, ambaye naishi naye, ndiye kiongozi wa akina mama wa maombi, na leo baada ya ibada alinivuta pembeni.

"Kabanyana, ile sale ya Néhémie ni ya Iluminati."

"Nani kasema?"

"Iko alama. Iko na jicho."

"Umeiona, shangazi?"

"Miye na haya macho yangu? Nimeambiwa."

Shangazi hatofautishi mbuzi na mbwa mpaka mmoja alie. Lakini aliyemwambia naye aliambiwa, na aliyemwambia huyo aliona video kwenye simu. Kila mtu hapa amewahi kuona video ya namna hiyo, yenye pembetatu, jicho na muziki wa kutisha. Mimi niliweka jicho tu; hayo mengine yote watu walikuwa nayo tayari nyumbani kwao.

Nilitaka kumwambia kwamba jicho ni la brashi yangu. Sikumwambia. Nilitaka kwanza kuona litafika wapi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Miguu imegeuka. Kwa Mutware watu wanasimama mpaka nje, kwa Néhémie benchi zima limelaliwa na mbwa. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiona fundi.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo sijafurahi.

Nilipita kwa Pascaline asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Beseni lake lilikuwa limejaa mandazi, na saa hiyo kwa kawaida huwa anakwangua makombo. Kampire, jirani yetu, alikuwa anapita na mwanawe. Mtoto alinyoosha mkono mezani kama alivyozoea. Kampire akampiga kile kiganja kwa nguvu, akamburuta. Hakusema neno kwa Pascaline, hata salamu.

Pascaline alinitazama.

"Kabanyana, juu ya nini batu banapita mbali na miye?"

Nikasema labda ni mvua.

"Mvua inanyesha kwangu peke yangu? Bateja ba Néhémie bamekimbia, sawa, ile ni mambo ya michezo. Lakini mandazi? Unga nanunua fasi moja na bote. Mafuta ni moja. Jana mama mumoja aliniambia mandazi yangu yanapikwa na feza ya shetani." Akafunika beseni kwa kitambaa. "Nikikosa hii meza, batoto bangu batakula nini?"

Nilikuwa nimeandaa utani, nikaumeza. Sikuwahi kufikiria kwamba swali langu lingetoka kwenye manete likaingia kwenye unga. Nilidhani wanaogopa mashine. Kumbe wanaogopa mkono wa mama aliyeolewa na mwenye mashine.

Nimekwenda kwa Mutware nikamwambia tufute. Akasema anafuta vipi, watu wataona kama amekiri. "Ni swali tu, dada. Weye mwenyewe uliliandika."

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua kutwa nzima. Rangi yangu ni ya maji, nilitegemea mvua itanisaidia kufuta. Kijani kimechuruzika. Jicho limebaki.

Jumapili, 19 Oktoba

Sasa Bluu nao wamejibu. Usiku wa kuamkia leo mtu ameandika kwa mkaa chini ya ile X nyeupe: X NI KUFUTA MUTU. BANATAKA KUTUFUTA TENA.

Mwandiko mbaya, lakini kila aliyesoma alielewa. "Tena" hiyo haizungumzii michezo. Vijana wa Bluu, ambao wengi ni wa bondeni, walisimama upande mmoja wa njia. Vijana wa Kijani, ambao wengi ni wa kwetu, walisimama upande wa pili. Mwezi uliopita Bluu walikuwa mchanganyiko, nakumbuka vizuri. Yonatani ni Mnyamulenge kama mimi na alikuwa Bluu wa kuapa. Leo amesimama kwa Mutware. Nilimwuliza tangu lini. Akasema, "Tangu baandike." Jiwe likarushwa, likagonga bati la Mutware, likaviringika likaanguka. Halikumpiga mtu. Watu wote walilisikiliza linavyoviringika.

Niliogopa. Tulipokimbia kule kwetu pia ilianza na maandishi ukutani, na sisi tuliokuwa wadogo tulikuwa tunayasoma kwa sauti ili kujifunza kusoma.

Jumapili, 26 Oktoba

Mchungaji Eliezeri amehubiri dhidi ya mashine zote mbili, na akina mama wa maombi wanafunga kula wakiziombea zishindwe. Amesema pembetatu ni jicho la muovu na X ni msalaba uliopinduliwa ukalazwa. Mutware yuko kwenye kwaya. Nilimwona akiangalia viatu vyake. Amechimba kisima, na sasa anakichungulia kwa ndani.

Musoni, cheyamani wa kijiji chetu, ametangaza mkutano Jumamosi ya tarehe nane. Inasemwa sale zote mbili zitafungwa. Mutware ana mashamba aliyokodi na ng'ombe wawili kwa shemeji yake. Néhémie na Pascaline wana ile sale na ile meza, basi.

Jumanne, 4 Novemba

Mbarara. Nilimpeleka shangazi Orpa kwenye hospitali ya misheni ya Ruharo kwa ajili ya macho. Wamempima, wamempa miwani. Alipotoka nje alisimama akatazama ukuta, akatazama mti, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe umekonda hivi?"

Nilimwacha kwa mtu wa kanisa nikaenda mtaa wa Ruti kwa yule muuzaji aliyemuuzia Mutware ile Xbox. Nilitaka kumwona mtu anayevijua vitu hivi bila kuvipenda. Anaitwa Aloys, ni Mnyankore mwenye Kiswahili cha kuokoteza, ana duka dogo la televisheni kuukuu, nyaya na mashine za michezo. Nilichokiona kwanza ni kwamba PlayStation na Xbox zimepangwa rafu moja, moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa mpira mmoja wa baiskeli zisianguke.

Nikamwuliza ipi ni bora.

"Nyabo, unataka nunua ama unataka gombana?"

Nikasema nataka kujua tu. Akacheka, akanipa kigoda. Nikamweleza yanayotokea kwetu, isipokuwa jicho.

"Sikia. Zamani, mimi kijana, ilikuwa Sega na Nintendo. Sega nacheka Nintendo kwa matangazo ya televisheni, nataja jina kabisa, bila haya. Watoto ya Bulaya nagombana kwa shule. Leo Sega hapana tengeneza mashini. Gemu yake naingia ndani ya Nintendo. Sasa ile matusi yote ilienda wapi?"

Akaniambia kwamba miaka kama kumi na mbili iliyopita hawa wa Xbox walitangaza kanuni kali kuhusu kuazimana diski, watu wakakasirika, baadaye wakaziondoa. Lakini kabla hawajaziondoa, wa PlayStation walitoa video fupi ya kufundisha jinsi ya kumwazima mwenzako mchezo: mtu mmoja anampa mwenzake diski mkononi, asante, imekwisha. Dunia nzima ikacheka. Nilimwambia arudie. Nikaona ni tangazo ambalo hata Nakivale lingeeleweka, maana huku diski moja hupita mikono mingi kuliko noti.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa? Mwezi iliyopita tu, Xbox natangaza gemu yao mkubwa, ile ilikuwa kama bendera yao, itacheza ndani ya PlayStation. Wakubwa nauziana, nakula. Nyinyi huku chini napiga mawe." Akatikisa kichwa. "Banange. Mimi nauza yote mbili. Manete pia, unataka?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza. Hasira ya wenzetu wa Ulaya ilikuwa imetengenezwa na watu wa matangazo, wanaolipwa, wanaojua wanachofanya na wanaojua kuacha. Yetu ilitengenezwa na mimi, kwa brashi ya inchi mbili, na mimi sijui kuacha kunafanywaje. Vita vya panzi ni neema ya kunguru, wanasema, lakini hapa sioni hata kunguru aliyeshiba. Mutware mwenyewe hana wateja tena. Tangu lile jiwe, wazazi wamewazuia wote.

Jumamosi, 8 Novemba

Mkutano. Nitajaribu kuuandika ulivyokuwa.

Tulikuwa chini ya turubai la shule, mvua ikinyesha pembeni. Watu wa bondeni walikaa kushoto na watu wa milimani kulia, na hakuna aliyewapanga. Musoni aliuliza nani ana neno. Mchungaji Eliezeri alisema zifungwe. Kampire alisema zifungwe. Néhémie alisimama akasema, "Miye sina alama. Nilinunua kitu ndani ya duka," akakaa. Mutware hakusimama. Nilimtazama, nikamkazia macho, akakuna goti.

Basi nikasimama mimi. Nilikuwa nimeazima manete mbili, moja kwa kila sale, nimezifunga ndani ya kitenge. Nikazitoa. Mama mmoja akasema "Yesu!" akasogea nyuma.

"Hii ni ya Papa Néhémie," nikasema. "Hizi njo alama. Hii pembetatu, ukiibonyeza kwa mupira, inatoa pasi ndefu ya kupenyeza. Duara ni kwa kupiga shuti. X ni pasi fupi. Mraba, mupira unapanda juu. Inaishia hapo."

"Na jicho?" akauliza mchungaji.

"Jicho haliko, pastere. Muangalie."

Shangazi Orpa akanyanyuka na miwani yake mipya, akaja mbele. Aliishika manete kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika chura. Akaisogeza karibu, akaigeuza.

"Ni kadogo hivi?" akasema. "Hii njo tulifungia chakula siku zile zote?"

Watu walicheka, pande zote mbili. Mchungaji hakucheka. Akauliza kuhusu X ya Mutware. Nikamwonyesha manete ya pili: hapa X ni herufi, pale X ni alama, lakini iko kwa zote mbili. Kama X inafuta mtu, basi itafuta wa bluu na wa kijani.

"Sasa jicho la ukutani lilitoka wapi?" Musoni akauliza.

"Lilitoka kwangu. Pembetatu ilikuwa inafanana na paa, nikaona niitie kitu. Na nilitaka kuona batu batafanya nini."

Hapo kicheko kikakoma. Nilingoja Mutware aseme kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Alikaa pale pale na mwavuli wake magotini. Kaka yangu, ambaye nikiwa mdogo alinivusha mto mgongoni, aliniacha peke yangu mbele ya watu wale. Iliniuma kuliko maneno ya Kampire, na Kampire alisema mengi.

Musoni ameamua: sale zibaki, zifungwe kila Jumapili asubuhi, na kuta ziandikwe majina ya wenyewe tu. Nimeambiwa nifute yote kwa chokaa yangu mwenyewe. Ni haki.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefuta. Jicho lilihitaji kupakwa chokaa mara tatu.

Jumamosi, 15 Novemba

Vijana wamerudi kwenye michezo, wachache. Walioacha kuogopa mashine hawajaacha kuogopa mandazi. Ukimwuliza mtu anasema, "Najua ni uongo, lakini mutoto wangu ni mumoja." Nimejiuliza uongo unaendeleaje kuishi baada ya kila mtu kujua ni uongo. Lisemwalo lipo, wanasema. Wangesema pia kwamba likishasemwa halijui kuondoka.

Jumatano, 19 Novemba

Pascaline ameanza kuonja. Kwetu, na hata kwao bondeni, mtu akimpa mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, ili mgeni anywe kwa amani asifikirie sumu. Hiyo ni heshima ya nyumbani, ya pombe na ya maziwa. Sijawahi kuona muuza mandazi akiifanya. Lakini sasa kila anayesimama mezani kwake, hata wa andazi moja, Pascaline analimega pembe, anaitia mdomoni, anatafuna, anameza, ndipo anampa. Wanaonunua ni wachache, na wote wanangoja ameze.

Nilimwona akifanya hivyo kwa mtoto wa darasa la pili. Niligeuza uso.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua nyepesi. Nilikuwa kwa Mutware narekebisha jina lake mlangoni. Binti yake mdogo, Cyiza, alikuwa anacheza njiani, mpira wake ukaviringika mpaka mezani kwa Pascaline. Pascaline aliuokota akamwita kwa jina. Mtoto akapiga ukelele, "Mama wa shetani!" akakimbilia miguuni kwa baba yake.

Pascaline aliuweka mpira chini, taratibu, akaingia ndani.

Uwera, mke wa Mutware, alikuwa mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: "Pale kituoni nilipolala na homa, nani alimubeba huyu mutoto? Nani alimulisha? Ulimwambia?"

Mutware alimbeba mtoto, akafunga mlango. Hakufungua sale mchana wote.

Jumamosi, 6 Desemba

Mutware amevuka njia.

Nilikuwa juu ya ngazi kwa Néhémie, narudishia jina lake lililokuwa limechuruzika. Nilimwona akitoka na shati la kanisani, amemshika Cyiza mkono. Vijana walitoka kwenye sale zote mbili wakajaa milangoni. Nadhani wote tulidhani ni ugomvi. Alifika mezani akakaa kwenye benchi, akampakata mtoto.

"Mama Pascaline, tupe mandazi."

Pascaline hakumtazama. Alichukua andazi, akamega pembe, akaipeleka mdomoni. Mutware akamshika mkono.

"Apana, mama. Usionje."

"Ni desturi yangu sasa."

"Miye njo nilikuletea hiyo desturi." Akapaza sauti, wote wasikie. "Zile alama ni miye niliagiza. Hazikuwa za mutu. Nilitaka bateja, nikamuuza rafiki yangu."

Akalichukua lile andazi mkononi mwa Pascaline, akalikata, akampa mwanawe kipande kikubwa kabla yeye mwenyewe hajala. Cyiza alimtazama baba yake usoni. "Kula, mama yangu," akamwambia. "Huyu alikubeba kwa mugongo ukiwa huwezi kutembea." Mtoto akang'ata. Akang'ata tena. Ndipo Mutware akala chake, na machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Néhémie alikuwa mlangoni, mikono ameikunja. Alimtazama mtoto mpaka akamaliza kipande chake. Mwishoni akasema, "Umupe na chai. Mandazi itamukaba, huyu bure kabisa." Akaingia ndani, akarudi na kikombe mwenyewe.

Baada ya hapo ilikuwa kama mfereji uliozibuliwa. Yonatani akanunua, wa bluu wakanunua, Kampire akapeleka mtoto wake na yeye mwenyewe akabaki mbali. Pascaline alikuwa anatoa mandazi kwa mikono yote miwili na hakuonja hata moja. Alikuwa analia na kucheka, na kuwagombeza wanaosukumana.

Nikashuka ngazi, nikanawa rangi, nikakaa mwisho wa benchi zamu yangu ilipofika. Nilikuwa na furaha nyingi. Pascaline alichukua andazi langu, akalimega pembe, akaitia mdomoni. Alitafuna polepole, akinitazama. Akameza. Ndipo akanipa.

"Mama Pascaline," nikasema, "kwa mukutano nilisimama mbele ya batu bote. Mutware alinyamaza."

"Najua. Nilikuona."

"Sasa juu ya nini?"

Alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Mutware alikuwa na njaa. Njaa naijua, hata miye iko nayo. Weye ulitaka kuona tu."

Watu walikuwa wanapiga kelele za mpira ndani, na nadhani hakuna aliyetusikia. Nililila andazi lote pale pale mbele yake, na sikuuliza tena.